Lushoto si Irente peke yake: uzi wa wanaotaka kupanda mlimani mwezi wowote

Mtembezi Kiguu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikikaribia Pasaka au Krismasi maswali ni yale yale humu: Lushoto kuna nini, nikienda Jumamosi nikageuza Jumapili inatosha, mwezi gani ndio mzuri. Nimekuwa nikijibu vipande vipande kwenye nyuzi za watu, sasa nimeona nifungue wangu, wenye kuujua mji waje waongezee au wanipinge.

Msimamo wangu ni kwamba Lushoto ni mji wa mwaka mzima. Kinachotuponza ni namna tunavyouendea: tunapanda, tunafika Irente, lile genge la kutazamia nyika, tunasimama kwenye jiwe kama tunapigwa picha ya pasipoti, tunakula chipsi, tunashuka. Halafu tunarudi Dar tunasema "pazuri ila hakuna mambo mengi". Hayo mambo utayaona wapi na hukulala hata usiku mmoja?

Kwa wasiopajua: Lushoto iko kwenye milima ya Usambara, mkoani Tanga. Ukitoka Dar au Arusha unashika barabara kuu mpaka Mombo, hapo unaiacha unaingia milimani. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 33, lami tupu, ila nyembamba na ya kona juu ya kona. Upande huu mwamba, upande ule bonde na mto. Njiani unapita Soni, kuna maporomoko ya maji unayaona ukiwa barabarani. Mji wenyewe uko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo umeshuka na shati limelowa jasho, ukifika juu unaulizia sweta.

Wajerumani waliupenda kwa sababu hiyo hiyo ya hewa. Waliuita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao, na wakubwa wa Dar es Salaam walikuwa wakipanda huku kukimbia joto. Mitaa yenye miti mikubwa, nyumba za mawe, makanisa ya zamani, mengi ni mabaki ya enzi zile.

Sasa miezi. Juni hadi Agosti ni baridi ya kweli, ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi. Ukienda kwa ajili ya kuona mbali utanung'unika, ila kwa kutembea msituni sioni wakati mzuri zaidi, maana hutoki jasho na njia ni kavu. Septemba na Oktoba anga linafunguka, Irente unaona nyika mpaka macho yachoke. Desemba hadi Februari ni matunda: plamu, mapichi, peasi, vitu ambavyo Dar unavinunua kwa kuhesabu, huku unapimiwa kwa kikapu. Machi hadi Mei ni masika, na hapo ndipo watu wengi wanasema usiende. Mimi nasema nenda, tena utaletewa chai na mwenye nyumba ya wageni mwenyewe kwa sababu mko wageni wawili tu.

Msitu wa Magamba uko juu kidogo ya mji. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, kuna njia za kutembea, mbega weusi wenye manyoya meupe, miti ya mkulo ambayo shina lake watu wazima kadhaa hawalikumbatii. Ingieni na mwongozaji na mlipe kiingilio getini kwa namba ya malipo. Vinyonga wa milima hii, wengine wana pembe puani, huwapati kila mahali duniani. Tazama, piga picha, usimbebe mkononi kumzungusha kijiji kizima.

Uzi ndio huo. Karibuni.

---

Dogo Mbezi

Mkuu, tusio na magari tunafikaje? Na bajeti ya mwanafunzi inatosha au hii ni safari ya wenye nazo?

---

Mtembezi Kiguu

Dogo, kituo cha Magufuli pale Mbezi kuna mabasi ya moja kwa moja mpaka Lushoto, panda la alfajiri. Ukikosa, panda lolote la Moshi au Arusha, shuka Mombo, hapo Noah na Hiace za kupanda juu hazikosekani mchana. Kaa dirishani upande wa kushoto. Ukiwa mtu wa kutapika kwenye kona, kula kidogo kabla.

Malazi yapo ya kila mfuko, kuanzia gesti za sokoni mpaka hoteli zenye moto wa kuni chumbani. Gharama inayowashtua wengi ni mwongozaji na gari la kwenda mbali, kwa hiyo nendeni watatu wanne mgawane.

---

Shangazi wa Soni

Mwenye uzi umesema vizuri ila kwenye masika umepaka mafuta. Mimi ni mkazi. Mvua zikikaza ile barabara ya Mombo huwa inaporomokewa na udongo na mawe, mnaweza kulala njiani. Na hiyo ni ya lami. Za vumbi za kwenda Mlalo, Mtae, Bumbuli ndiyo usiseme, gari dogo linageuka sabuni. Anayekuja Aprili aje na siku za akiba na asimwambie bosi wake kwamba Jumatatu saa mbili atakuwa mezani.

La pili, usiku. Msipande usiku, nawaombeni. Ukungu ukishuka kati ya Soni na Lushoto dereva mgeni haoni boneti yake mwenyewe. Kama mmechelewa laleni Mombo. Kuna joto na mbu, lakini kuna chandarua.

La tatu ni adabu. Huku ni kwa Waislamu na Walutheri wengi, watu wa staha. Binti na kijana wote, kaptura fupi sokoni inawafanya wazee wageuze uso. Hawatakwambia kitu, Msambaa hakugombezi, ila hutapata ile karibu ya ndani. Salimia kwanza. Ukijua "onga mahundo" ya asubuhi peke yake tayari umepunguziwa bei ya karoti. Na mama wa shambani usimpige picha akiwa na jembe bila kumwomba, yule yuko kazini kwake kama wewe ukiwa ofisini.

---

Dogo Mbezi

Shikamoo shangazi. Nimeandika yote.

---

Shangazi wa Soni

Marahaba mwanangu. Na ukila makande huku omba na mtindi pembeni.

---

Mzee Kibatari

Nimesoma nikaona mji mmeuanzia kwa Mjerumani. Huyo alikuta nchi ina wenyewe na ina dola.

Kwanza jueni kwamba makao ya wafalme hayakuwa Lushoto, yalikuwa Vuga, upande wa kusini, mlimani. Mapokeo yanasema Mbegha alikuwa mwindaji aliyetoka Unguu. Alizaliwa kigego, meno ya juu yalitangulia, akaonekana mkosi, akafukuzwa kwao. Akazunguka porini na mbwa wake, anaua nguruwe wanaoharibu mashamba, anawapa watu nyama nao wanampa vyakula vya shamba. Sifa zake zikamtangulia. Alipofika Vuga aliua simba usiku, na watu wakamfanya mtawala. Ndiyo maana mfalme wa Usambaa akaitwa Simba Mwene. Ukoo wake ni Wakilindi. Habari hizi ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika *Habari za Wakilindi*, na anayesoma humu bila kukigusa kitabu kile anajinyima.

Kimweri ye Nyumbai ndiye aliyefikisha dola kilele. Alitawala mpaka alipofariki mwaka 1862, na mkono wake ulifika pwani. Madiwani, yaani watawala wa miji ya zamani kati ya Tanga na Pangani, walikuwa wakiangalia Unguja kwa Sultani na wakiangalia Vuga kwa Kimweri. Krapf, yule mmisionari, alipanda kwenda kumwona mwaka 1848 na tena 1852. Burton na Speke, wale wapelelezi wa Kiingereza, walifika 1857.

Sasa nendeni na hilo kichwani mpaka Irente. Mnaposimama kwenye lile jiwe mkatazama chini, pale kwenye nyika ni Mazinde. Kimweri alipokufa, mwanawe Semboja hakuling'ang'ania Vuga kama wenzake. Alikaa Mazinde, chini, kwa sababu huko ndiko misafara ilikopita, ikibeba pembe za ndovu na watumwa kwenda pwani na kurudi na bunduki na baruti. Mwenye bunduki akawa na nguvu kuliko mwenye kiti. Wakapigana wao kwa wao, nchi ikachanika, watu wengi wa milima hii wakauzwa. Wajerumani walipokuja walikuta nyumba ina ufa tayari.

Halafu tazameni tena pale pale chini: reli ya Tanga ilipita huko huko, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi 1911. Kwa macho ya mtu wa picha ni nyika tu yenye mashamba ya katani. Mimi nikisimama pale naiona miaka mia mbili ya siasa ya nchi hii: juu walikuwa wafalme, chini wafanyabiashara, na ugomvi ulikuwa nani amtawale mwenzake.

---

Nyuki Mkali

Mzee heshima yako, ila tuseme ukweli. Mtalii akienda Vuga leo ataona nini? Asitegemee ngome wala jumba la kifalme. Zilikuwa nyumba za miti na majani, tena mji uliungua zaidi ya mara moja katika vita hivyo hivyo ulivyotaja. Kwa hiyo unampeleka mtu kwa gari la kukodi akaone migomba. Historia isiyoonekana haiuziki, ndiyo maana watu wanaishia Irente.

Na pia mnasifia utalii kama vile unamnufaisha mkulima wa Lukozi. Mgeni analala hoteli, anakula hoteli, mwongozaji anatoka mjini. Kijiji kinabaki na vumbi la gari.

---

Mzee Kibatari

Nyuki, hiyo migomba ndiyo yenyewe. Mbegha alikubalika kwa kuwa aliwaletea nyama watu waliokuwa na ndizi na hawakuwa na nyama. Ukiiona nchi ilivyo, mashamba yamepandishwa mpaka kileleni, nyumba zimekaa mabegani mwa vilima, unaelewa kwa nini mfalme alikuwa mtu wa mvua na chakula kabla hajawa mtu wa vita. Jumba la mawe lisingekueleza hilo. Unachohitaji ni mzee wa kijiji wa kuzungumza naye, na muda. Ukipata mjukuu wa Wakilindi akakukalisha kwenye kigoda, hutauliza tena jumba liko wapi.

Kwenye la pili sikupingi sana.

---

Fundi Baiskeli

La pili lina jibu, Nyuki: tembea kwa miguu ulale vijijini. Utalii wa kiutamaduni Lushoto haukuanza jana, ulisukwa miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV, na tangu mwanzo nia ilikuwa mgeni apite kwa watu, sehemu ya hela ibaki huko. Kama inabaki kweli, hiyo ulizeni kabla ya kulipa. Muulize mwongozaji wako waziwazi: kijiji kinapata kiasi gani, mama anayetupikia analipwa na nani? Anayejibu bila kuzunguka ndiye wa kwenda naye.

Njia ninayoipenda ni Lushoto, Magamba, Lukozi, Rangwi, mpaka Mtae. Siku tatu au nne kwa mwendo wa kawaida, unalala njiani. Siku ya kwanza ni msitu. Halafu unatokea Lukozi, na hapo sahau msitu: ni kabichi, viazi, karoti, hoho, malori yanapakia kwenda Dar usiku. Kabichi mliyokula wiki hii kuna uwezekano mkubwa imetoka pale. Rangwi kuna masista wana nyumba ya kulala wageni, bustani zao zimetulia, na baada ya kutembea kutwa maji ya moto ya ndoo ni starehe.

Mtae ndiyo mwisho wa milima. Kijiji kimekaa kwenye ukingo, kushoto genge, kulia genge. Chini ni Mkomazi, mbele ni milima ya Upare, na asubuhi ya anga safi Kilimanjaro inajitokeza kwa mbali. Nasema ya anga safi. Watu wamekaa pale siku mbili wakatazama ukungu.

Mwenye nafasi apitie Mlalo pia. Wamisionari wa Kilutheri walianza pale mwaka 1891, na mji una nyumba za udongo za ghorofa zenye baraza za mbao ambazo sijaziona kwingine Tanzania.

Baiskeli: njia za vumbi za Magamba hadi Lukozi ni tamu wakati wa kiangazi. Kushuka Lushoto hadi Mombo kwa baiskeli watu wanafanya, lakini kagua breki mara mbili na kaa upande wako wa kona. Hiace hazina mzaha pale.

---

Bint Makorora

Mimi nawaongelea wenye watoto na wazazi, maana nyie wote mnaandika kama kila mtu ana magoti ya miaka ishirini.

Bibi zetu wakipelekwa Lushoto hawataki genge wala msitu. Wanataka baridi, chai ya tangawizi, na sokoni. Wapelekeni soko la mji siku ya gulio, wakae wachague mboga wenyewe, wabishane bei, mtawaona wamepona mafua waliyotoka nayo Tanga. Irente kuna shamba lenye bustani na kivuli, wanatengeneza jibini, jemu na mkate, mnakaa kwenye nyasi mnakula watoto wanakimbia. Kutoka pale mpaka kwenye jiwe la kutazamia ni mwendo mfupi, ila watoto washikwe mkono. Ni genge kweli, la mamia ya mita.

Upande wa Soni kuna Sakharani, shamba la watawa wa Kibenediktini, wanalima na wanatengeneza mvinyo, mwenye kutumia atumie. Sisi wengine tulinunua karanga za makadamia tukaendelea na safari.

Na Ramadhani: migahawa midogo mingi mchana imefunga. Hiyo si sababu ya kutokwenda. Futari ya milimani na baridi ile, magimbi, uji wa pilipili manga... Nikiambiwa nichague mwezi mmoja tu wa Lushoto, huo ndio wangu, na mwenye uzi hakuutaja.

---

Nyuki Mkali

Hapo kwenye uji umenishika.

Mwenye kujua, yale mambo ya waya wa Wajerumani wa kushushia magogo ni kweli au hadithi za waongozaji?

---

Mzee Kibatari

Kweli kabisa. Kabla ya Vita vya Kwanza kulikuwa na kampuni ya mbao huko juu Shume, sehemu waliyoiita Neu-Hornow. Mitarakwa ilikatwa, ikapasuliwa, ikashushwa kwa njia ya waya hewani mpaka Mkumbara relini. Sehemu ya msitu mnayoiona leo imenyooka kwa mistari ni ya kupandwa, misindano na mikaratusi. Ukitembea na mwongozaji mzuri atakuonyesha mpaka: huku ndege wanaimba na chini kuna magugu ya kila namna, hatua chache mbele kimya na sindano kavu tu ardhini.

Kwa wapenda maua: yale madogo ya zambarau ambayo Wazungu wanayaotesha madirishani dunia nzima asili yake ni misitu ya huku Tanga na Usambara. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwao mwaka 1892 na yakapewa jina lake, Saintpaulia. Wao wanayauza kwa mamilioni, sisi tunayakanyaga tukienda kupiga picha.

---

Mtembezi Kiguu

Uzi umenoga. Nimeukubali ushauri wa Shangazi kuhusu usiku na siku za akiba, hilo halina mjadala. Ila la masika silirudishi. Aprili ile milima inavyotoa maji kila pembe, Soni inavyonguruma, na msitu unavyonuka udongo, hakuna Agosti inayoweza kulipa. Chukueni buti za mpira, zile za wakulima, zinauzwa pale pale sokoni. Viatu vya bei mbaya vya kutembelea milimani vimewaangusha wengi kwenye utelezi ule nikiangalia.

Kwa mwenye siku mbili tu na hana jinsi: siku ya kwanza fika mchana, zunguka mji na soko, lala mapema. Siku ya pili Magamba alfajiri, Irente saa kumi jioni jua likiwa limelegea. Vuga, Mlalo na Mtae acha kwa safari nyingine, usivibandike juu kwa juu.

---

Dogo Mbezi

Tumekuwa wanne tayari, tunapanda Januari kwa ajili ya matunda. Swali la mwisho: mmoja wetu anatokea Arusha, tukutane wapi?

---

Shangazi wa Soni

Mombo, stendi. Yeye apande basi lolote la Dar la asubuhi, amwambie kondakta mapema kwamba anashuka Mombo asije akapitilizwa Korogwe. Atakayetangulia asikae juani, akae kwa mama ntilie, anywe maji. Na mje na mifuko yenu ya kubebea plamu, ya plastiki ilishapigwa marufuku.